Figili za Moshi za Bonde Letu

Tsuyako alikuwa akining'iniza figili juu ya moto wa kuni, zikaushwe kwa moshi kabla ya kutiwa achari, kama afanyavyo kila mwaka majani yanapopukutika. Honami, mke wa mwanawe, alimshikia kamba.

"Mama, benki walisemaje?"

"Wamesema watalitafakari ombi langu."

Honami aliiachia kamba. Katika bonde lao, benki ikisema hivyo imekwisha kukataa. Mtu huinama, hushukuru na kurudi nyumbani. Tsuyako naye aliinama na kushukuru. Lakini sheria mpya ilisema hivi: asiye na chumba safi cha kazi, chenye bomba lake na sakafu ya kuoshwa, asiuze achari tena. Bila mkopo, figili hizi zingekuwa za mwisho.

"Uliwauliza sababu?"

"Benki huulizwa sababu?"

"Kwani wao miungu? Vaa viatu, mama."

Huko benki, Kamada, ofisa wa mikopo, alipowaona aliinama. Tsuyako hakuinama.

"Mwanangu, mmeninyima kwa nini? Sema wazi."

Kamada alishusha sauti. "Bibi, umri wako ni mkubwa, na hukutaja atakayeendeleza kazi yako. Nasi hali yetu ni ngumu. Vijana wanaondoka. Mzee akifariki, wanawe huhamishia akiba yake Tokyo. Wakubwa wanaogopa kukopesha huku."

"Kwa hiyo mnakaa mnatungoja tufe?"

"Tukingoja, tutakufa pamoja nanyi. Benki huishi kwa kukopesha kazi inayoendelea. Nionyesheni kwamba yenu itaendelea."

"Niandike mimi kuwa mrithi wake," alisema Honami.

Tsuyako alimgeukia. Hakuwahi kuthubutu kumwomba airithi kazi hiyo.

"Vizuri," alisema Kamada. "Na wenzenu wanaotengeneza achari? Chumba kimoja chenye kibali mnaweza kukitumia pamoja. Mzigo utagawanyika."

"Pamoja na Hisano? Jirani yule ataniibia siri ya moshi!"

"Mwache aibe, mama. Sheria itazima moto wake na wako."

Walipomwendea, Hisano alikubali, kwa sharti kwamba Tsuyako asiguse kuni zake. Walirudi benki wote watatu, wakagoma kuondoka bila jibu. Wakapewa mkopo.

Mwaka uliofuata, kibali kilining'inia ukutani mwa chumba kipya. Duka la mjini, ambalo Kamada aliwatafutia, liliagiza figili nyingi kuliko walizokuwa nazo.

"Bibi, sasa pumzika, umwachie Honami," Kamada alisema alipowatembelea.

"Nipumzike? Huyu bado anawasha moto kama anayefukuza nyuki!"

Honami alikohoa, akatupia gogo jingine. "Sogea basi, mama. Unanizibia."

Tsuyako akasogea. Kidogo tu.