Gurudumu la Kukodi

Jambo la mwisho la kawaida ambalo mwalimu Zenon alilifanya na mkewe lilikuwa kuinua baiskeli. Ilikuwa Ijumaa jioni, uani kwao Majengo, upepo wa Agosti ukipeperusha vumbi na maganda ya mahindi. Zenon aliinua baiskeli kwa usukani, Cornelia akachuchumaa na kulizungusha gurudumu la mbele kwa kidole kimoja. Magurudumu yote mawili yalikuwa ya kukodi: meusi, mepesi, rimu za kaboni, aina ambayo Sumbawanga nzima alikuwa nayo mtu mmoja tu. Kesho yake yalikuwa mashindano ya michezo mitatu, kuogelea bwawani, baiskeli hadi Muze, kisha kukimbia. Cornelia, muuguzi wa miaka thelathini na minne, alikuwa amejiandaa mwaka mzima.

Gurudumu likazunguka. Kila lilipomaliza duara, lilisema: tik.

"Mwalimu," Cornelia aliuliza, maana ndivyo alivyomwita hata nyumbani kwa utani, "hiyo ni nini?"

Zenon alifundisha fizikia. Aliinamisha sikio. Alijua kwamba spoki iliyolegea hulia kama chuma, na sauti ile haikuwa ya chuma. Lakini chai ilikuwa inapoa, na vidole vilikuwa vimeanza kufa ganzi kwa baridi.

"Spoki tu," alisema. "Itatulia."

Cornelia alicheka, akamwambia kwamba mwalimu akikosea, zamu ya jikoni itakuwa yake mwezi mzima.

Kesho yake, kwenye kona ya tatu ya mteremko wa Muze, rimu ya mbele ilifunguka. Cornelia alizikwa Jumatatu.

Zenon hakulia mbele za watu. Aliliomba lile gurudumu, akaliweka mezani na kulichunguza kwa lenzi aliyoichukua maabara. Pale rimu ilipofunguka palikuwa na ufa wa zamani, umejazwa gundi na kupakwa rangi nyeusi kwa uangalifu. Gundi ya namna ile hulainika ikipata joto, na mteremko mrefu ni joto tupu kwa rimu inayobanwa na breki. Aliyeuziba ufa ule alijua anachokificha. Alikuwa Maximilian, mwenye duka la kukodisha, ambaye alikuja msibani na kilo tano za sukari, akakaa na wanaume na kusema ile barabara ina wenyewe.

Zenon angeweza kwenda polisi. Alifikiria kesi, wakili, kifungo. Akaona ni kidogo.

Mama mkwe wake, Rozina, alitoka katika ukoo wa wafua chuma, watu ambao babu zao walijenga tanuri za udongo zilizozidi nyumba kwa urefu. Kwa ukoo ule, chuma kikiua mtu hakitupwi wala hakirudi kazini kabla ya watu kuulizwa mbele yake. Kila aliyekishika huweka mkono juu yake, akasema kama alijua au hakujua. Anayesema kweli huenda zake, hata kama kweli yake ni mbaya. Ukoo utamalizana naye kwa maneno. Anayedanganya hufuatwa.

Zenon hakuwa akiamini. Alichotaka ni Maximilian adanganye hadharani, kisha yeye atoe lenzi na kumwonyesha kila mtu ule ufa. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Lakini kila alipolala upande wake mmoja wa kitanda, alijikuta akilitamka neno lile polepole, kama mtu anayeonja mchuzi: hufuatwa.

Ilipofika arobaini, Maximilian alikuja kwa hiari yake, maana wateja walikuwa wameanza kumkwepa. Rozina alikuwa amelitundika gurudumu, alilopelekewa na Zenon, kwenye nguzo ya jiko lake, kijijini, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka Majengo.

"Shikamoo mama," Maximilian alisema. "Ila hiki si chuma, mama yangu. Ni kaboni, kitu cha Ulaya."

Watu wakacheka chinichini.

"Marahaba. Na hizo spoki?"

"Hizo chuma."

"Basi ongea na hizo."

Maximilian akaweka kiganja. Akasema hakujua, kwa sauti ya mtu anayetoa bei.

Zenon alitia mkono mfukoni kushika lenzi. Moyo ulimdunda kwa raha. Ndipo Rozina alipomgeukia.

"Na wewe, mkwe. Binti yangu alinipigia simu jioni ile. Alisema gurudumu linalia, lakini mwalimu amelisikiliza."

Zenon alifahamu kwamba akiuonyesha ufa, ataulizwa habari za sikio lake. Akautoa mkono mfukoni, mtupu. Akagusa spoki. Zilikuwa baridi.

"Sikujua," alisema.

Rozina akaenda kuwamiminia wageni pombe ya ulezi.

Siku ya tatu Maximilian alikufa. Aliyesimulia ni Calvin, fundi wa kuchomelea aliyepakana na duka lile. Saa sita mchana Maximilian alitoka nje akauliza nani anazungusha gurudumu. Hapakuwa na mtu. Akarudi ndani. Akatoka tena. Akayashusha magurudumu yote dukani, akayalaza sakafuni moja moja. Akaziba masikio. Mwisho akachukua baiskeli ya mteja, ya chuma kitupu, akapanda bila viatu na kushika barabara ya Muze. Alikuwa anatazama nyuma.

Walimkuta chini ya kona ya tatu. Viganja vyake vilikuwa vimeungua, mstari mmoja mweusi kwa kila kiganja, upana wa rimu. Rimu za baiskeli aliyoipanda zilikuwa baridi.

Jioni hiyo Zenon alisonga ugali, akala akashiba, mara ya kwanza tangu msiba. Hakuona huruma. Alikuwa amemuuliza Calvin kama Maximilian alipiga kelele, na Calvin aliposema hakuna aliyejua, Zenon alijiona amepunjwa.

Akaosha sahani. Akaifunika.

Tik.

Alidhani ni bomba. Akalikaza.

Tik.

Akatoka uani. Upepo ulikuwa umekufa. Baiskeli ya Cornelia iliegemea ukuta, imefunikwa kanga, haina gurudumu la mbele. Sauti ilitoka pale penye uwazi. Alihesabu, kama mwalimu. Sekunde moja. Tik. Sekunde moja. Tik.

Kisha nusu sekunde.

Kulipopambazuka alivaa viatu akaenda kwa miguu kwa mama mkwe. Njia ilikuwa vumbi laini. Hakukutana na mtu, wala hakuthubutu kugeuka. Alikuwa na neno moja la kusema, na alilirudia njia nzima ili woga usije ukalibadilisha.

Rozina alikuwa anafagia. Zenon alimwamkia, akaomba aoneshwe gurudumu.

"Si umekuja nalo?" Rozina alinong'ona.

Nguzo ya jiko ilikuwa tupu. Rozina akaelekeza ufagio njiani, na Zenon akageuza shingo taratibu. Nyayo za viatu vyake zilikuja kutoka upande wa Majengo, moja baada ya nyingine. Juu ya nyayo hizo, ukikata kila unyayo katikati, ulipita mstari mmoja mwembamba wa tairi. Uliingia uani. Uliishia kwenye kisigino chake.

Zenon alinyoosha mkono nyuma, kwenye hewa tupu, kiganja wazi. Kiganja kikagusa kitu cha moto. Hakukiondoa.

"Nilisikia," alisema.

Alipomaliza kusema, aliuchukua ufagio kwa mkono uliosalia mzima, akaanza kufagia kutoka pale aliposimama kurudi njiani. Nyayo zilifutika. Mstari ulibaki.