Niko na Bwana

Foleni ya petroli ilitoka kituoni, ikapita duka la dawa, ikakata kona, na mkia wake ukafika mbele ya saluni, ambako wasusi walikuwa wametoa viti nje ili watazame watu wanavyogombana. Bei ilikuwa imepanda tena. Madereva walizima injini ili kuokoa kidogo kilichobaki, wakawa wanasukuma magari kwa mikono. Katikati ya foleni palikuwa na gari dogo jeupe lenye kibao cha shule ya udereva juu ya paa, na aliyelisukuma alikuwa mwalimu mwenyewe, shati lake la bluu limeloa mgongoni.

Mwalimu huyu alikuwa na ugonjwa mmoja tu, kuuliza. Alipokuwa mtoto mama yake alikuwa akimfukuza jikoni kwa maswali, na ukubwani hakuwa amepona.

"Hivi jamani," akasema kwa sauti, bila kumlenga mtu, "kiwanda cha kusafisha mafuta tunacho, moshi wake tunauona kila siku. Sasa kwa nini petroli tunanunua kwa watu?"

"Kwa sababu kinafanya kazi nusu tu ya uwezo wake," sauti ya kike ikajibu nyuma yake.

Akageuka. Alikuwa dada mrefu, amevaa ovaroli ya rangi ya chungwa iliyokunjwa mikono, buti nzito, na kitambaa cha njano kichwani. Mkononi alishika dumu tupu. Midomo ameipaka rangi nyekundu iliyoiva, na ilimpendeza kweli. Mwalimu akasahau kusukuma mpaka gari la nyuma likampigia honi.

"Nusu? Nani kala nusu ya pili?"

"Uzee," dada akacheka. "Mafuta ghafi lazima yachemshwe kwanza kwenye tanuri, ndipo yaingie mnarani yatengane. Petroli inatoka juu, dizeli katikati, lami inabaki chini. Tanuri likichoka, vingine vyote vinasubiri. Mimi nafanya kazi hapo hapo."

"Na mkijenga jipya, bei itashuka?"

"Hilo ndilo wanalogombania redioni. Ghafi yenyewe tunainunua kwa bei ya dunia. Labda itashuka kidogo, labda tutaacha tu kungojea meli za watu. Kwani wewe mwandishi wa habari?"

"Mwalimu wa udereva."

"Mbona una maswali ya polisi?"

"Limebaki moja tu. Namba yako ya simu."

"Hilo sio swali, hiyo ni amri," akasema, lakini namba akaitaja.

Kwenye simu ya mwalimu namba ile iliingia kwa jina la Petroli, na kuanzia hapo hakuna siku iliyopita bila kuita.

"Mwalimu wangu, umekula?"

"Nimeshiba sauti yako."

"Sauti haina lishe. Kale. Halafu uniulize swali la leo."

Akamuuliza kwa nini dizeli hainuki kama petroli. Akamuuliza kwa nini moto unawaka juu ya lile bomba refu mchana kutwa. Dada alipotoka zamu walikutana kwenye kibanda cha juisi karibu na geti la kiwanda, yeye akiwa amekoga, amevaa gauni la maua, na kwenye nywele zake bado kuna harufu ya mbali ya mafuta. Mwalimu aliipenda harufu ile kuliko manukato yote ya dukani. Siku moja dada akazungusha mrija kwenye glasi, akasema bila kumtazama, "Jumapili mama anataka kukuona. Mjomba naye atakuwepo. Njoo ujitambulishe."

Mwalimu alirudi nyumbani akiwa haoni mashimo ya barabarani. Akanunua mashati mawili, kisha Alhamisi mchana akapiga simu.

"Mpenzi, Jumapili nivae jeupe au la kijani?"

Upande wa pili kulikuwa na kelele. Dada aliongea haraka, pumzi juu juu. "Siwezi kuongea sasa hivi. Niko na Bwana. Homa imempanda tangu asubuhi, nikimwacha kidogo tu anaharibika." Nyuma yake mwanamume akapiga kelele, "Njoo haraka, anatetemeka!" Simu ikakatika.

Bwana! Mwalimu alikaa kitandani na shati kila mkono. Sasa hapa ndipo mtu angetegemea aulize. Lakini maswali yake yote ya maisha yalikuwa ya mambo ambayo jibu lake haliwezi kumuumiza. Hili lilimtisha. Akaandika ujumbe wenye sumu: "Muuguze bwana wako vizuri."

Jibu likaja jioni, lina moyo mwekundu mwishoni. "Asante mpenzi. Ameshatulia, joto limeshuka. Najua wewe unanielewa."

Nusura aitupe simu dirishani. Akaizuia namba ile, na Jumapili hakwenda kokote. Shati jeupe likabaki kwenye msumari.

Majuma yakapita. Petroli ikapanda tena, wanafunzi wakapungua, akabaki na wachache, akiwemo muuguzi mstaafu aliyebandikwa jina la Mama Breki kwa sababu alikanyaga breki hata akiona kuku ng'ambo ya barabara.

"Mwalimu, umekonda," akamwambia siku moja, mikono yote miwili imeng'ang'ania usukani.

"Bei ya petroli, mama."

"Petroli haimnyimi mtu usingizi hivyo. Washa redio basi, umeninunia mno."

Redioni walikuwa kwenye mjadala ule ule. Mchumi mmoja alisema kiwanda kifungwe, mafuta yaagizwe yakiwa yameshasafishwa, ndiyo nafuu. Kisha mtangazaji akamkaribisha kwa simu mfanyakazi wa kiwanda, na sauti iliyofuata ikamfanya mwalimu akae wima.

"Mimi ni mwendeshaji wa tanuri. Huku ndani ya geti tanuri hilo sisi sote tunaliita Bwana."

"Kwa nini Bwana?"

"Anaringa, anataka kubembelezwa, na akipandwa na homa hakuna anayekaa. Jioni hii tunamzima. Atabomolewa, tutajenga jipya lenye uwezo wa kutosha. Mimi nahamishiwa kiwanda cha mbali mpaka likamilike."

"Simama!" mwalimu akapiga kelele.

Mama Breki alikuwa anaijua kazi hiyo. Vichwa vyao vikakaribia kugonga kioo.

"Sasa geuza, mama. Twende kiwandani."

"Kule kwenye malori? Mimi?"

"Huo ndio mtihani wako."

Njiani akamweleza yote. Mama Breki alicheka mpaka akakosa gia. "Homa ya tanuri! Na wewe ndiye unayeuliza hata kwa nini taa nyekundu ni nyekundu!" Walipofika kwenye mlima wa mwisho, gari likakohoa na kuzima. Mshale wa geji ya mafuta ulikuwa umelala chini kabisa.

"Kimbia, mwanangu," akasema Mama Breki. "Breki naijua, gari haliendi popote."

Alifika getini akihema, akalikuta wazi, akaingia. Wafanyakazi walikuwa wamesimama uani, kofia mikononi, wanatazama juu. Dada alikuwa amesimama kando ya ukuta peke yake, ovaroli ile ile, ila midomo haikuwa na rangi.

"Umepotea njia?" akamuuliza.

"Nimekuja kuomba radhi. Nilidhani Bwana ni... bwana."

Dada alimtazama. Kicheko kilitaka kumtoka, akakimeza. "Yaani mume? Ukadhani nina mume, ukanyamaza? Mama alikaa mlangoni na gauni lake jipya mpaka jua likazama. Mjomba akaniuliza kama huyo mtu yupo kweli. Uliniuliza dizeli, uliniuliza lami. Kuniuliza kama nina mtu mwingine kukakushinda?"

"Niliogopa jibu."

"Basi hukuwa unataka kunijua mimi. Ulitaka kujua mafuta."

Neno hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa la kweli. "Nimekukosea," akasema. "Wewe na mama pia. Nisamehe."

Kabla hajajibiwa, moto wa juu ya bomba ukanywea, ukacheza kidogo, ukazimika. Ngurumo ya mitambo ikafa, na uwanja mzima ukawa kimya. Dada akaanza kulia waziwazi. Mwalimu akasimama pembeni yake, hajui aweke wapi mikono.

"Unaondoka lini?"

"Jumatatu."

"Nikufuate?"

"Unifuate kama nani?"

Maneno yakamtoka kabla hajayapanga. "Naomba... naomba unioe."

Mafundi wawili wakageuka. Dada akaacha kulia. "Mimi ndio nikuoe wewe?"

"Nilitaka kusema nikuoe. Unioe. Tuoane! Yeyote amuoe mwenzake, mimi sigomi."

Kikamtoka sasa, kicheko kirefu chenye machozi ndani yake. Akajifuta kwa mkono wa ovaroli, ukamwachia mstari mweusi shavuni.

"Kwanza twende kwa mama, sasa hivi, na jasho lako hilo hilo. Utamweleza mwenyewe kwa nini hukuja. Akikufukuza, usinitazame mimi."

"Na asiponifukuza?"

Dada akamshika mkono, akaanza kumvuta kuelekea barabarani.

"Basi nitakuoa," akasema.