Kilo Themanini Kiti cha Kulia

Eucabeth alikuwa fundi wa simuleta, mashine ya kuigiza urukaji wa ndege, katika chuo kimoja cha urubani mjini Jinja, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha mashine ile haiwadanganyi wanafunzi. Ilipiga hesabu ya hewa yenyewe: inavyoinua mbawa, inavyoikinza ndege, pua inavyopanda rubani akivuta usukani. Afande Apollo, mwalimu aliyetoka jeshini, aliruka na ndege halisi huku vyombo vikirekodi. Kisha Eucabeth akarudia safari ileile kwenye simuleta na kulinganisha mistari miwili ya grafu, wa ndege na wa simuleta. Ilipaswa kulaliana.

Safari hii haikulaliana. Ndege halisi ilikuwa ikielemea upande mmoja, kama iliyobeba kilo themanini kwenye kiti cha kulia.

Akamwuliza Apollo alikuwa amempakia nani. Apollo akasema aliruka peke yake.

“Wewe rekebisha hiyo mashine mpaka inakubali,” alisema, bila kumtazama.

Eucabeth akaandika kilo themanini kwenye hesabu ya kiti cha kulia cha simuleta. Mistari ikalaliana papo hapo.

Mchana uleule kiti kitupu kikabonyea. Harufu ya matope na nywele zilizoungua ikajaa humo ndani. Siku ya tatu mwanafunzi mmoja, Ivy, alitoka, akanong'ona kwamba usukani wa pili ulikuwa ukishindana naye. Eucabeth akaingia mwenyewe, akafunga mlango, na alipokuwa akiipandisha ndege ile ya bandia juu ya ziwa la bandia alisikia pumzi karibu na shavu lake, pumzi iliyongoja avute hewa ndipo nayo ivute, ikapungua alipopunguza, ikasogea alipoganda, hata asijue tena ni kifua cha nani kinachojaa, na usukani wa pili ukasukumwa mbele, taratibu, kuelekea majini.

Akamwita Maalim Nasur kutoka Namatala, kule Mbale. Maalim akafungua kitabu, akakisomea kiti mpaka kanzu ikalowa jasho.

“Nani alimpa nafasi humu?”

“Mimi, Maalim. Nilimwandika.”

“Mfute.”

Akazifuta zile kilo. Harufu ikakatika, kiti kikainuka. Lakini Maalim hakufunga kitabu.

“Huyu ni kivuli tu. Mwenyewe yuko kwenye ndege.”

Eucabeth akakimbilia redio. Apollo alikuwa angani, akirudi kutoka Mbale. Alimwita mara tatu ndipo akajibiwa.

“Afande, mko wangapi humo?”

Sauti tulivu, isiyokuwa ya Apollo, ikasema:

“Sasa niko peke yangu.”