Chausiku na Kamba ya Bibi

Haya, sogeeni. Mwenye kidole mdomoni, akitoe!

Chausiku alikuja chekechea na kamba mpya ya kuruka, ya katani. Bibi yake ndiye aliyeisuka.

Watoto wakamkimbilia. "Mimi! Mimi! Na mimi!"

Sudi alifika wa kwanza. Chausiku akamsukuma. Pu! Sudi akakaa mchangani, makalio chini.

"Kamba yangu! Wewe huchezi!"

Mishi naye akaja, anavuta kamasi. Fyuu, fyuu.

"Una kamasi! Kamba yangu! Wewe huchezi!"

Mishi akalia. Wengine wakarudi nyuma.

"Nyie nyote hamchezi!"

Sasa Chausiku yuko peke yake, na kamba yake ndefu. Nani azungushe? Hakuna. Lo!

Akafunga ncha moja kwenye nguzo. Ncha ya pili akamfunga nayo mbuzi wa jirani. Mbuzi alikuwa anakula nyasi zake, hana habari na mtu.

"Mbuzi, zungusha!"

"Meee," akasema mbuzi. Mbuzi na kuzungusha kamba, wapi na wapi?

Mbuzi akachomoka, mbio! Kamba ikamnasa Chausiku miguuni. Pu! Makalio chini!

Watoto wakacheka, ha ha ha! Mwalimu Tunu akakimbia kumfungua mbuzi.

"Mnanicheka? Hamchezi!" akafoka Chausiku.

"Kwani tulikuwa tunacheza?" akauliza Sudi.

Chausiku akaitazama kamba yake. Alitaka sana kuruka kamba. Tena makalio yalimuuma.

"Sudi, na wewe yaliuma?"

"Yaliuma sana."

"Nisamehe. Sikusukumi tena."

Mishi akamsogelea, mikono kiunoni. "Na kamasi zangu je?"

Chausiku akafikiri. Akavuta pumzi. Fyuu! "Hata mimi ninazo."

Mishi akacheka mpaka zake zikatoka.

"Haya, kamba yako," akasema Mishi. "Wewe zungusha!"

Chausiku akashika ncha moja, Sudi akashika nyingine. Pa! Pa! Pa! Mishi akaruka. Watoto wote wakaruka. Mkono wa Chausiku ukachoka kweli kweli!

Halafu zamu yake ikafika. Pa! Pa! Pa! Watoto wakamhesabia mpaka kumi.

Jioni Chausiku alioga, akala, akapanda kitandani na kamba yake.

"Bibi, ongeza kamba."

"Kwani imekatika, mjukuu wangu?"

"Haijakatika. Ni fupi. Kesho tunataka kuruka wote pamoja."

Bibi akachukua katani, akaanza kusuka. Chausiku akalala fofofo.