Magoli Ishirini na Saba

Wiki ya usajili wa wanachuo, duka la fotokopi halina pa kuweka mguu. Watu walikuwa wamebanana hadi barazani, kila mmoja na vyeti vyake mkononi, mashine zinanguruma, naye mwenye duka anauliza kwa sauti nani zamu yake na hasikilizi jibu. Katikati ya vurugu hiyo alisimama mpima ardhi mmoja mrefu, viatu vizito vimejaa vumbi, akisubiri picha moja ikuzwe. Moja tu! Na kwa hiyo moja alikuwa amemsumbua mwenye duka nusu saa nzima.

"Ongeza mwanga kidogo," alisema. "Hawa wa mstari wa nyuma hawana nyuso."

"Kaka, hao hawana nyuso tangu siku walipopigwa picha."

Nyuma yake mtu akaangua kicheko. Mpima akageuka, akamwona dada aliyevaa gauni la bluu iliyokolea lenye mifuko miwili mikubwa, utepe wa kupimia umening'inia shingoni, pini tatu zimechomekwa kifuani. Alikuwa amekumbatia orodha ya vipimo vya sare za shule. Nami nisiwafiche, alikuwa mzuri, na alijua, wala hakuwa na haja ya kulifikiria.

"Samahani," alisema. "Naicheka foleni, sikucheki wewe."

"Foleni haichekeshi."

"Haya basi, nakucheka wewe. Hebu nione hao wasio na nyuso."

Mpima akamwonyesha kwa fahari. Ilikuwa timu ya kiwanda cha nguo, mabingwa wa Ligi ya Viwanda ya kanda, miaka mingi nyuma. Akamweleza kwamba anaandika historia ya ligi hiyo tangu kuzaliwa hadi kufa kwake, kwamba ni mwaka wa nne sasa, na marafiki zake wamembatiza Takwimu.

"Na huyu mwenye fimbo, aliyesimama pembeni?"

"Huyo ni baba yangu, Mungu amrehemu. Mfungaji bora wa msimu ule, magoli ishirini na saba."

"Na fimbo?"

"Nadhani aliteguka siku ya picha."

Yule dada, fundi cherehani, hakucheka tena. Aliyevaa jezi namba tisa, yule kijana mwembamba mwenye nywele nyingi aliyechuchumaa mbele, alikuwa baba yake mzazi. Na baba yake hakuwahi kuajiriwa kiwandani hata siku moja. Alikuwa kinyozi, na ni kinyozi hadi leo.

Hapo nieleze kidogo. Ligi ile ilikuwa ya timu nane: nguo, saruji, sabuni, reli, bandari kavu, posta, viberiti na kiwanda cha ngozi, ambacho wachezaji wake, inasemekana, hakuna aliyetaka kuwakaba kwa karibu. Hakuna aliyelipwa. King'ora cha Jumamosi kikilia saa saba, watu wanavua ovaroli wanavaa jezi. Sheria ilikuwa moja na ngumu: asiye na kadi ya kiwanda hachezi. Kwa hiyo, kama mjuavyo binadamu, kadi zilikuwa zinatembea. Mtu akiumia, kadi yake inaingia uwanjani na miguu ya mwingine. Refa anajua, mashabiki wanajua, mpinzani anajua na yeye ana wawili wake. Anayesoma karatasi tu ndiye asiyejua.

Takwimu alikuwa anasoma karatasi tu.

Jioni ile Fundi alimuuliza baba yake. Kinyozi alifuta wembe kwa utaratibu.

"Nilimwahidi rafiki yangu sitasema," alisema. "Yeye amekufa, ahadi haijafa. Kama huyo kijana mama yake hajamwambia, sisi ni nani?"

"Lakini baba, anaandika kitabu!"

"Mwache aandike. Mimi sili magoli."

Basi Fundi akafunga mdomo. Ila moyo haukufungika. Takwimu alipiga simu kesho yake kuuliza kama suruali ya kazi inaweza kutiwa viraka magotini, kesho kutwa akauliza kuhusu suruali nyingine, na siku ya nne hakuwa na suruali iliyobaki.

"Sema ukweli," Fundi alimwambia kwenye simu. "Hizo suruali unazichana mwenyewe?"

"Moja tu."

"Mwongo mkubwa we! Njoo bila suruali." Akajiuma ulimi. "Namaanisha njoo mikono mitupu. Unajua ninachomaanisha!"

"Mimi ni mpima, laazizi. Naandika ninachosikia."

Miezi mitano ikapita vizuri hivyo. Walikunywa chai kwenye benchi la duka lake la kushonea, katikati ya majora ya vitambaa, Takwimu anamsomea sura moja moja: msimu posta walipofika mechi wakiwa saba, msimu viwanda vilipoanza kufungwa, saruji kwanza, kisha viberiti, mpaka msimu wa mwisho wenye timu tatu, ambao reli walikuwa mabingwa kwa sababu wengine hawakutokea. Ligi haikuuawa na mtu, alisema. Ilikosa king'ora tu. Fundi alisikiliza yote kwa mapenzi. Kila ilipofika sura ya mfungaji bora, alikuwa na uzi wa kutunga au mteja wa kumpigia.

Kisha Takwimu akaenda kumhoji kipa wa zamani wa sabuni, mzee aitwaye Sumaku, kuhakikisha magoli mawili ya mwisho.

"Baba yako?" Sumaku alishangaa. "Baba yako goti lilikwisha mechi ya pili, kwenye lango langu, nikiangalia kwa macho haya. Aliyenifunga ni yule kinyozi. Baba yake yule binti fundi cherehani. Ina maana hujui?"

Takwimu alitoka pale. Aliketi juu ya ukuta wa kando ya barabara akapiga simu.

"Ulijua?"

Fundi hakuuliza nini. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile dukani."

"Miezi mitano nakusomea kitabu, unaniangalia tu! Sasa naelewa. Ulinikaribia ili jina la baba yako liingie."

Upande wa pili cherehani ikasimama.

"Ningetaka jina la baba yangu liingie," Fundi alisema polepole, "ningelisema siku ya kwanza, tena mbele ya foleni nzima. Usinipigie tena."

Simu ikakatwa. Takwimu alikuwa amekosea na alijua amekosea kabla simu haijapoa mkononi, lakini hasira ilikuwa bado inamsemea. Tena hasira yenyewe haikuwa juu ya Fundi. Kitabu kile alikianza wiki aliyomzika baba yake. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa baba, sura ndefu kuliko zote ilikuwa ya baba, na mchapaji alikuwa anasubiri. Akiondoa magoli yale, baba yake anabaki mtu gani? Mtu wa kiwandani aliyekuwa na kadi. Swali hilo lilimnyima hata hamu ya chakula.

Wiki ya tatu alikwenda kwa mama yake. Kombe la mfungaji bora lilikuwa palepale juu ya kabati, limesuguliwa.

"Mama, baba alifunga magoli yale?"

Mama alikuwa anakunja shuka. Hakuacha kukunja.

"Baba yako hakuwahi kusema alifunga. Wewe ndiye uliyesema."

"Mimi?"

"Ulikuwa na miaka saba. Umeliona kombe, umesoma jina, mbio mpaka shuleni, umeliambia darasa zima. Umerudi nyumbani unamtazama baba yako utadhani ameshuka mbinguni. Alitaka kukueleza siku ile. Alitaka tena ulipomaliza shule. Aliniambia, 'Mke wangu, nimeshindwa. Ananitazama vile.'" Mama akaketi kitandani, machozi yakamtoka bila kelele. "Ilimtesa, mwanangu. Kombe lenyewe kila mwaka alikuwa akimpelekea mwenzake, mwenzake anamrudishia."

Takwimu naye akalia, mtu mzima na viatu vyake vizito. Alimlilia baba yake upya.

Siku iliyofuata aliingia kwa kinyozi, akaketi kwenye kiti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Tupunguze au tuondoe zote?"

"Nimekuja kuomba radhi. Mama ameniambia yote."

"Radhi huombwa kichwa kikiwa kimetulia. Usitikisike, nina wembe." Kinyozi akafanya kazi kwanza, kisha akasema, "Unajua baba yako alifanya nini msimu ule? Kila Jumamosi, na fimbo yake, nje ya mstari. 'Kushoto! Mwachie! Piga sasa!' Mimi nilikuwa na mbio tu, akili sikuwa nayo. Aliyeniambia nisimame wapi ni yeye. Nikimaliza mechi tunagombana njia nzima, kila mtu anasema goli ni la mwenzake."

"Niandike nini, mzee?"

"Andika kilichotokea. Ahadi ilikuwa nisikuambie mimi. Umeambiwa na mama yako, yamekwisha." Akapuliza nywele shingoni mwa kijana. "Ila fanya haraka. Binti yangu wiki ya tatu hii anashona mikono ya mashati nje ndani. Walimu wakuu wawili wamekuja kulalamika."

Takwimu aliandika siku nne. Siku ya tano, saa nne asubuhi, alisimama mlangoni pa duka la kushonea, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na nywele zilizokatwa vizuri mno. Fundi alimwona. Akaendelea kukanyaga cherehani.

"Hatupokei suruali."

"Sikuleta suruali. Nilikukosea, Fundi. Nilikuambia maneno ambayo nisingependa mtu amwambie dada yangu. Ulitunza siri ya baba yangu kuliko nilivyomtunza mimi. Nisamehe."

Cherehani ikapunguza mwendo.

"Na hayo makaratasi?"

"Sura ya mfungaji bora. Mchapaji anaichukua leo mchana. Sitaki iende hujaisoma."

Akaipokea kwa vidole viwili, kama mtu aliyepewa samaki. Akasoma wima, mgongo kauelekeza kwake. Alisoma goti lililovunjika, kadi iliyotembea, fimbo nje ya mstari, kombe lililokuwa linakwenda na kurudi kati ya nyumba mbili. Hapo akajifuta macho kwa ncha ya utepe. Akafika mstari wa mwisho wa sura, akausoma, akarudia, akausoma kwa sauti:

"'Magoli hayo ishirini na saba yalifungwa kwa kadi ya baba yangu na kwa miguu ya baba mkwe wangu, iwapo bintiye ataridhia.'"

Nje mtu alikuwa anauliza bei ya vifungo. Hakuna aliyemjibu.

"Hivi wewe," Fundi alisema, bado amempa mgongo, "unamchumbia mtu ndani ya kitabu cha mpira?"

"Nakala mia tatu. Ukikataa nitaaibika kanda nzima."

"Mchapaji anakuja saa ngapi?"

"Saa saba."

Fundi akavuta droo, akatoa kipande cha chaki ya kuwekea alama vitambaa, akakirudisha, akatafuta hadi akapata kalamu. Akaiweka karatasi juu ya meza ya kukatia, akayakata kwa mstari mnene maneno matatu ya mwisho, akatia nukta baada ya "baba mkwe wangu".

"Mpelekee," alisema. "Sasa hakuna kosa."