Alama ya Bega la Kushoto

Kila siku baada ya masomo Macho Manne alipitia kwa kinyozi. Hakwenda kunyolewa. Kinyozi alikuwa baba yake, na kazi ya msichana huyo ilikuwa kufagia nywele sakafuni, kusuuza brashi na kufuta kile kioo kikubwa kilichojaa ukutani mbele ya kiti cha wateja. Akishamaliza, aliingia stoo ya nyuma na kujifungia. Jina la Macho Manne alipewa na wenzake wa darasa la sita kwa sababu ya miwani yake, naye wala halikumkera. Aliamini hakuna jambo linalompita.

Humo stoo alikuwa akimkuta binamu yake, mtoto wa shangazi, ambaye wenzake walimwita Kimya. Ungeweza kushinda naye tangu asubuhi hadi jioni ukaambulia maneno kumi, na matano kati ya hayo yakawa "mm". Lakini mikono yake haikuwa na uvivu. Mbele yake, juu ya ndoo iliyopinduliwa, ilisimama deraya, yaani vazi gumu la kumkinga askari vitani. Kwa mbali ungeapa ni chuma. Kumbe ilikuwa sponji ya mikeka ya mazoezi, iliyokatwa vipande, ikapashwa moto kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka ikakubali kupinda, kisha ikaunganishwa kwa gundi.

Vazi hilo lilitoka kwenye filamu ya askari wa mwezini ambayo mwalimu wa sanaa aliwaonyesha mara moja tu, ukumbini. Kila wanafunzi wawili walitakiwa kulitengeneza la kwao kwa ajili ya maonyesho ya Jumamosi. Nusu ya alama ilikuwa ya kufanana na lile la kwenye filamu, nusu ya pili ya kuonekana limetumika. Washindi wangekaa wiki nzima ya likizo katika karakana ya mavazi ya jumba la maigizo la mjini. Macho Manne aliitaka nafasi hiyo. Kimya aliitaka zaidi. Tangu tangazo litolewe alikuwa ameitaja mara tatu, na kwa Kimya hiyo ni hotuba.

"We! Mbona unaichafua?" Macho Manne alimaka siku hiyo. "Jana nimeipaka rangi ya fedha ikang'aa, leo unaimwagia matope!"

"Si matope. Rangi nyeusi na maji."

Kimya aliipaka ile rangi nyepesi deraya yote, halafu akaipangusa kwa kitambaa kabla haijakauka. Nyeusi ikabaki kwenye mifereji na kwenye pembe tu. Kisha akachovya kipande cha sponji kwenye rangi ya kahawia na kugonga-gonga kingo, tap, tap, tap, mpaka zikaonekana zimeshika kutu.

"Katoka vitani huyu," alisema. "Akiwa anang'aa, alipigana lini?"

Macho Manne aliizunguka deraya; kwa kweli ilipendeza. Alifungua daftari lake la michoro. Ukutani kwa baba yake, juu ya benchi la wanaosubiri, kulikuwa na picha kubwa ya askari huyo. Baba alikuwa amekata sehemu ya chini yenye maandishi ili apate pa kubandika mitindo ya nywele. Wateja walipopungua, Macho Manne alijikalisha kwenye kiti cha kunyolea na kuichora picha hiyo kwa makini. Ndipo alipogundua kitu: begani, upande wa kushoto, askari alikuwa na alama ya kuungua yenye ncha tatu, kama unyayo wa kuku.

"Wenzetu watakumbuka kofia na mkanda," alimwambia Kimya. "Hii hawataikumbuka. Hii ni siri yetu, na ole wako itoke nje."

"Mm," alisema Kimya.

Jumatano, wakati wa mapumziko, Macho Manne alipita karibu na dirisha la chumba cha sanaa. Ndani, mwanafunzi aliyeitwa Kipara, aliyebaki bila mwenzake wa kufanya naye kazi, alikuwa akijaribisha deraya yake. Kipara alipata jina hilo kwa mama yake, ambaye hakuvumilia kuona unywele kichwani mwa mwanawe. Kila baada ya wiki mbili alimpeleka kunyolewa. Macho Manne alitazama kofia, akatazama mkanda, akataka kucheka. Kisha akaona bega la kushoto. Alama ya kuungua. Ncha tatu. Unyayo wa kuku.

Tangu dakika hiyo hakuwa na raha. Nani mwingine aliyeliona daftari lake? Hakuna, ila Kimya. Alianza kukumbuka mambo. Juzi alimwona Kimya na Kipara bombani, wamesogeleana wakinong'ona. Kimya, ambaye hata salamu huipima, alikuwa na nini cha kunong'ona? Halafu ukurasa mmoja wa daftari ulikuwa umechanwa. Halafu Jumatatu Kimya alichelewa na hakusema alikotoka. Kila jambo dogo likaja na mdogo wake, na jioni ilipofika Macho Manne alikuwa na kesi nzima kichwani, yeye mwendesha mashtaka, yeye hakimu.

"Umempa Kipara mchoro wetu?" alimuuliza huko stoo, macho yamemkazia.

"Sikumpa."

"Mlikuwa mnaongea nini bombani?"

"Rangi yake inapasuka. Nikamwambia apake gundi kwanza, aiache ikauke, ndipo apake rangi. Kwani ni siri?"

"Na huu ukurasa?"

"Ulinichania wewe. Wa kupimia goti."

Macho Manne hakukumbuka kitu kama hicho. Ukitaka kumshuku mtu, hata ukweli wake unausikia kama uongo uliopangwa vizuri. Alimwangalia binamu yake akiosha brashi, taratibu, bila hata kukasirika, na utulivu ule ndio ukazidi kumtia shaka. Mtu asiye na hatia si angepiga kelele?

Alhamisi asubuhi alikwenda kwa mwalimu wa sanaa.

"Mwalimu, Kimya amempa Kipara mchoro wetu."

Mwalimu aliweka kalamu chini. "Hayo ni mazito. Unadhani, au umeona?"

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema kweli, fupi na nyembamba. Macho Manne aliiona. Lakini alishajishawishi kiasi kwamba kusema "nadhani" aliona ni kumwachia mwizi aende zake.

"Nimeona," alisema. "Alimpa karatasi. Bombani."

Kimya aliitwa, akakana. Kipara akakana naye, kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni. Mwalimu hakuwa mtu wa haraka, lakini kulikuwa na shahidi aliyeona kwa macho, na alama mbili zilizofanana mabegani. Alisema Kimya na Kipara wakae nje ya maonyesho mpaka jambo lichunguzwe, na shangazi aitwe shuleni. Kimya alimtazama Macho Manne mara moja tu. Halafu alitoa mfukoni kile kipande chake cha sponji, akakiweka mezani, akatoka.

Mchana huo Macho Manne alifanya kazi peke yake stoo. Alitarajia kujisikia mshindi. Badala yake mikono ilikuwa mizito, na kutu aliyoipaka ilifanana na mchuzi uliomwagika. Akatoka kwenda kufagia.

Nani ameketi kwenye kiti, shuka limemfika kidevuni? Kipara. Siku yake ya kunyolewa ilikuwa imefika, na ugomvi wa shule haukumhusu mama yake, aliyekuwa ameketi benchini akisimamia. Alipomwona Macho Manne, Kipara alikunja uso.

"Mwongo wewe," alisema.

"Tulia, nisikukate sikio," alisema baba.

Macho Manne aliinamia ufagio akijifanya hasikii, huku akimchunga kwa pembe ya jicho. Kipara hakuwa akijitazama kwenye kioo. Alitazama juu kidogo ya kichwa chake mwenyewe, pale pale, bila kupepesa.

"Unaangalia nini?" Macho Manne akashindwa kujizuia.

"Picha ya askari. Si naichora kila nikija hapa? Mara ya mwisho nilikuwa na daftari chini ya shuka, muulize baba yako, alinigombeza nitulie. Wewe unadhani una macho peke yako?"

"Kweli," alisema baba, mashine ikinguruma. "Nusura nimtie kovu."

Macho Manne aliuegemeza ufagio ukutani. Alitazama kiooni. Askari yule alikuwa amesimama juu ya kichwa cha mama Kipara, na unyayo wa kuku uko bega la kushoto. Kisha akageuka nyuma, akaitazama picha yenyewe ukutani. Bega la kulia.

Aligeuka tena. Kioo, kushoto. Ukuta, kulia. Kioo humgeuza kila anayesimama mbele yake. Hilo analijua hata mtoto wa chekechea, na yeye aliyekuwa akikifuta kila siku hakuliwaza. Yeye na Kipara walikaa kiti kimoja, wakachora picha moja kutoka kioo kimoja, wakakosea kosa moja. Kimya hakuwa na mkono wowote humo.

Aliuchukua tena ufagio. Wazo la kwanza lililomjia lilikuwa baya, na hakulifukuza upesi: angeweza kuhamisha alama kwenye bega la kulia, akanyamaza, akashinda. Kipara hayumo. Kimya hayumo. Nani angejua? Wazo hilo alikula nalo chakula cha jioni na kwenda nalo kitandani. Lakini kila alipofumba macho alikiona kile kipande cha sponji juu ya meza ya mwalimu.

Ijumaa, kabla ya kengele, alikuwa mlangoni kwa mwalimu wa sanaa. Shangazi yake, fundi cherehani, alikuwa ameshafika kuitikia wito, uzi mweupe ukining'inia begani, na Kimya ameketi pembeni yake akitazama sakafu. Macho Manne alipiga moyo konde.

"Mwalimu, sikuona," alisema. "Nilisema nimeona karatasi. Hapakuwa na karatasi. Nilidhani tu." Akaeleza habari ya kiti, ya kioo na ya picha, yote, hata lile wazo baya la kunyamaza. Machozi yalimtoka na miwani ikaingia ukungu.

Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamtaka ayarudie maneno hayo mbele ya darasa zima, na akayarudia, akiwa amesimama ubaoni, huku Kipara amekunja mikono. Kimya na Kipara wakarudishwa kwenye maonyesho. Kuhusu bega, Macho Manne aliwaambia wote wawili lilipo kosa, Kipara kama Kimya. Mchana huo, katika pembe mbili za chumba cha sanaa, deraya mbili zilifutwa bega la kushoto na kuunguzwa la kulia. Kimya alifanya kazi yake bila kusema hata "mm".

Jumamosi mshona mavazi wa jumba la maigizo alizunguka meza zote. Kwenye deraya yao alisimama muda mrefu, akapitisha kidole kwenye kutu, akakitazama kama kimechafuka.

"Nani aliizeesha hii?"

"Yeye," alisema Macho Manne, akimwonyesha Kimya. "Mimi nilipima na kukata tu. Na alama ya bega nilikosea."

Walishinda kwa alama mbili. Lakini mwalimu alitangaza kwamba Kimya atakwenda karakana, na wa pili atakuwa Kipara mwenyewe, aliyekuwa hana kosa lolote na karibu anyimwe nafasi yake. Macho Manne alipiga makofi na wengine. Ilimuuma, na alijua kwa nini inamuuma.

Watu walipoanza kutawanyika, shangazi alimvuta pembeni, karibu na meza ya rangi.

"Sikia, mwanangu," alisema. "Kumshuku mtu si dhambi. Mimi nikipoteza mkasi humshuku kila aliye ndani ya nyumba, mpaka niukute nimeukalia. Lakini siendi kwa jirani kusema nimemwona fulani akiuchukua. Ukidhani, sema nadhani. Ukiona, sema nimeona. Ukiyabadilisha maneno hayo mawili, kuna mtu anaumia hapo katikati. Juzi alikuwa mwanangu. Siku mbili hakula."

"Nisamehe, shangazi."

"Mimi nimeshakusamehe. Aliyekosewa yule pale."

Kimya alikuwa akikunja shuka lililofunika deraya. Macho Manne alimwendea, akashika pembe mbili za upande wake, wakalikunja pamoja.

"Umenisamehe?" aliuliza.

Kimya alifikiri. Hakuwa mtu wa kusema jambo asilokuwa nalo moyoni.

"Bado," alisema. "Lakini umesema kweli mbele ya wote. Naanzia hapo."