Waya Kwenye Msalaba wa Tarsis

Jioni ile, pale Kichiwa, Kasimiri alikuwa juu ya paa akihangaika na redio yake, moyo mweupe kabisa. Mkewe Emilia alikuwa uani anamenya viazi. Fundi mmoja wa Makambako alikuwa amemwelekeza Kasimiri vizuri: ukitaka stesheni za mbali za masafa ya kati, nyoosha waya mrefu juu ya miti, halafu waya mwingine upeleke ardhini, kwenye chuma kilichozama penye unyevu.

Chuma alikuwa nacho. Nyuma ya jiko kulikuwa na kaburi la kaka yake Tarsis, na msalaba wake wa chuma ulizama kwenye udongo usiokauka mwaka mzima. Akashuka, akaufunga waya shingoni mwa msalaba.

Mtu gani huyo! Tarsis alipokufa, Kasimiri ndiye aliyeizima simu ya marehemu na kukataa kupeleka tangazo la kifo redioni, ili Dorosela, binti pekee wa Tarsis, asisikie akaja kudai shamba la parachichi la baba yake. Wakamzika harakaharaka. Shamba akalibeba yeye.

Emilia akamsogelea, akanong'ona, "Baba Lidia, ondoa waya huo. Hamkuelewana akiwa hai."

"Amelala bure muda mrefu. Acha anifanyie kazi."

Akawasha. Mikwaruzo ikakatika yote. Stesheni za mbali zikaingia, za Kiarabu, za Kifaransa, safi utadhani watangazaji wamekaa jikoni. Kasimiri akacheka peke yake. Akazungusha kidogo tena, kikasikika kikohozi.

Alikijua kikohozi kile.

"Tarsis wa Kichiwa anasikitika kutangaza kifo cha mdogo wake, Kasimiri. Mazishi ni kesho saa nane mchana. Habari zimfikie Dorosela, popote alipo."

Akazima. Tangazo likarudiwa. Akatoa betri. Likarudiwa.

Asubuhi wakaanza kuingia ndugu wa Wanging'ombe na wa Makambako, wamebeba unga na kuni, wanawake wamejifunga kanga za msiba. Wote walisikia redioni. Wa mwisho kufika alikuwa Dorosela, na begi lake.

"Baba mdogo," akasema polepole, "sauti ya baba naijua. Mbona wewe bado umesimama?"

Kasimiri akapandwa na hasira. Akawatukana, akawaita wachawi, akaenda kaburini kuung'oa waya mbele yao waone ni upuuzi mtupu. Shingoni mwa msalaba hapakuwa na kitu. Ncha ya waya ilikuwa imeingia ardhini. Akauzungushia mkononi, akavuta. Haukutoka. Akavuta tena.

Ukavutwa kutoka chini.

Mara moja tu. Kasimiri akaanguka kifudifudi juu ya kaburi la kaka yake, na hakuinuka. Saa nane wakamzika hapohapo kando. Unga na kuni vilikuwepo tayari.

Shamba sasa analilima Dorosela. Redio haina betri hadi leo, na Emilia ameifunika kwa ndoo nyuma ya jiko. Jioni akipita hapo husikia kikohozi. Siku hizi wanakohoa wawili, na wanagombana.